Gatini au ziwani? Uchambuzi wa kisa cha maboti matatu ya dagaa

Kabla ya kuanza

Kisa hiki, cha maboti matatu ya mizigo yaliyokamatwa na dagaa wake katika bandari ya nchi nyingine, nimekishughulikia mwenyewe tangu siku ya pili mpaka faili lilipofungwa. Wakati huo nilikuwa karani wa umoja mmoja wa wenye maboti ya mizigo hapa Mwanza, na kazi yangu ilikuwa kuandika maelezo ya mashahidi. Majina ya watu, ya maboti na ya bandari nimeyaondoa. Ziwa letu, Victoria, lina nchi tatu. Moja ni yetu. Nyingine nimeiita nchi jirani, na ya tatu nimeiita nchi ya bandari. Msomaji asihangaike kubahatisha ipi ni ipi, kwa sababu ukizigeuza kisa kinabaki kilekile.

Nimeomba ruhusa kwa wahusika wakuu kabla ya kuandika. Mama mwenye mzigo alikubali kwa sharti moja: niandike na mahali nilipokosea mimi. Nimelitimiza, na msomaji atayakuta makosa hayo humu.

Usuli

Samaki ni yuleyule, majina matatu: sisi tunamwita dagaa, Kenya omena, Uganda mukene. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, huanikwa mchangani au kwenye chanja, kisha hujazwa kwenye magunia. Anayetoka Ukerewe, Ukara, Kome na visiwa vingine hufika soko la Kirumba, Mwanza, na kutoka hapo husafiri mbali: Kongo, Rwanda, Burundi, Kenya. Mwingine huvuka ziwa moja kwa moja kwa maboti ya mbao yenye mashine mbili za kupachika nyuma, nahodha mmoja na vijana wanne. Boti la namna hiyo lina kibali cha mizigo tu. Kubeba abiria hakiruhusu. Jambo hilo dogo litarudi mbele.

Msimu huo nchi yetu na nchi jirani zilikuwa zinavutana juu ya ushuru na vibali vya dagaa. Hakukuwa na vita, ila kila upande ulikuwa unazuia magari na maboti ya mwenzake, na wafanyabiashara ndio walioumia. Wakaanza kupeleka mzigo kwenye bandari ya nchi ya tatu. Kulifanyika kikao huko, wafanyabiashara wetu sita wakahudhuria, na msimamizi wa bandari akawaambia kwamba ugomvi wa wenzake wawili haumhusu, bandari yake iko wazi kwa kila anayelipa ushuru. Watu walishangilia, wakapiga picha ya pamoja. Hakuna hata mmoja aliyeandika maneno yale kwenye karatasi.

Mzee mmoja wa umoja wetu alitikisa kichwa alipoletewa habari hizo. Yeye alikuwa kijana wa kazi melini Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977. Tanzania ilifunga mpaka na Kenya, na mali iliyokuwa ya wote ikawa ya yule aliyekutwa nayo. MV Victoria ikabaki Tanzania, MV Uhuru ikabaki Kenya. Mkataba wa kugawana mali ya Jumuiya ulikuja kutiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Miaka saba. Mzee aliniambia, “Mwanangu, chombo kikishikwa kwa watu, cha kwanza kuulizwa ni karatasi yako.” Nilimwitikia kwa heshima, nikarudi kwenye shughuli zangu.

Yaliyotokea

Maboti matatu yaliondoka pamoja mchana, yakalala kisiwani, yakafika bandari ile siku ya pili jioni, jua limeshazama. Ofisi ya forodha ilikuwa imefungwa. Karani wa getini akawaambia wafunge kamba, walipe ada ya gati, wangoje asubuhi. Ada ya boti la kwanza ililipwa na mama mwenye mzigo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa amebadilisha fedha. Nahodha alikuwa na shilingi zetu tu. Mama akapewa risiti ya mashine, kikaratasi chembamba.

Yapata saa nne kasoro usiku walikuja watu kwenye boti la doria. Waliamuru mashine ziwashwe, maboti yafuate. Yakapelekwa ng'ambo ya rasi, mwendo wa karibu nusu saa, hadi kwenye gati dogo la askari, nje ya eneo la bandari. Simu zilizokuwa mikononi zilichukuliwa. Asubuhi wakaletewa karatasi za kusaini, zimeandikwa Kiingereza. Wote wakasaini. Karatasi ilisema hivi: maboti yamekutwa ziwani, nje ya bandari, saa 2:00 usiku wa manane, yakihamisha mizigo kutoka boti moja kwenda jingine bila kibali. Kwenye orodha ya boti la kwanza palikuwa na majina sita.

Siku ya tatu watu waliachiwa, wakarudi kwa barabara. Maboti na mzigo vikabaki. Baadaye tulikuja kujua kwamba nchi jirani ilikuwa imeandika barua kuomba maboti yetu yazuiwe, na barua hiyo ilifika kwenye bandari ile siku moja kabla ya maboti.

Maamuzi na sababu zake

*Maelezo ya kwanza.* Watu walifika ofisini kwetu siku ya tano, wamechoka, wengine hawajafika hata majumbani kwao. Nilikuwa najua muda unakimbia. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, inayotumika katika nchi zote tatu, humpa mwenye mali mwezi mmoja tangu mali kukamatwa, au tangu apewe taarifa ya kukamatwa, aandike kwamba anaidai. Asipodai, mali huhesabika imekwisha kutaifishwa. Kwa hiyo niliwakalisha wote kwenye benchi moja. Nahodha mkubwa akasimulia, wengine wakatikisa vichwa, mimi nikachapa. Nikatengeneza hati moja ya kiapo, nikaigeuza jina mara tatu, kila nahodha akapata yake. Tukaenda kwa wakili, wakaapa, akagonga muhuri, akaandika mahali na tarehe kama sheria ya viapo inavyotaka. Nilijiona nimefanya kazi nzuri na ya haraka.

Uamuzi huo nilikuwa na sababu zake. Watu kumi na tano, mwezi mmoja, karani mmoja. Zaidi ya hapo, niliamini kwamba watu watatu wakisema jambo lilelile, jambo hilo linakuwa na nguvu mara tatu.

*Majina matano.* Wakati nachapa niliuliza, “Nahodha, mlikuwa wangapi kwenye boti lako?” Akajibu, “Watano.” Nikaandika watano. Niliona vijana wawili wakitazamana, nikaendelea. Kumbe njiani, kwenye basi la kurudi, nahodha alikuwa amemwambia mama mwenye mzigo, “Mama, kwenye mambo haya wewe hukuwemo. Wakijua nilibeba abiria, leseni yangu imekwenda.” Mama, ambaye amefanya naye biashara miaka mingi, alikubali kwa ajili yake.

*Dai.* Taarifa za kudai maboti na mizigo ziliwasilishwa siku ya ishirini na saba kupitia wakala wa kule. Hapa tulikuwa ndani ya muda. Lakini boti la tatu lilikuwa bado limeandikishwa kwa jina la marehemu baba wa mwenye boti, na mirathi haikuwa imefunguliwa. Dai lake lilirudishwa: anayedai hana barua ya usimamizi wa mirathi.

*Kungoja barua.* Viongozi wa umoja waliamua tusiende mahakamani kwanza, tuache serikali ziandikiane. Nilikubaliana nao. Hoja ilikuwa kwamba kesi ingemkasirisha yule ambaye bado ameshika maboti yetu.

*Kikao cha siku ya arobaini.* Afisa aliyesikiliza dai alikuwa na hati zetu tatu mezani, zimetafsiriwa. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulituumiza zaidi. Aliuliza mambo matatu tu. La kwanza: mbona hati zote tatu, katika nakala za Kiswahili, zina neno “gatu” badala ya “gati”, mstari uleule, aya ileile? La pili: mbona nahodha anaapa walikuwa watano, na karatasi aliyoisaini mwenyewe ina majina sita? La tatu lilikuwa baya kuliko yote. Akageuza tafsiri, akaweka kidole. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba maboti yalifungwa gatini “saa mbili usiku”. Mtafsiri wa kule alikuwa ameandika saa mbili ya Kizungu, usiku wa manane. Yaani kiapo chetu sisi wenyewe kilikuwa kinathibitisha saa ya karatasi yao.

*Maelezo ya pili.* Nilirudi Mwanza na basi la usiku. Asubuhi nilimpigia nahodha, nikamwambia habari ya jina la sita, nikanyamaza. Naye akanyamaza muda mrefu. Siku ya tatu walikuja wote wawili ofisini, yeye na mama. Mama akafungua pindo la kanga, akatoa fedha, akatoa ufunguo, akatoa kile kikaratasi. Kilikuwa kimelainika kama kitambaa na wino wa mashine umefifia kwa joto na jasho. Kiasi cha fedha hakikusomeka tena. Jina la bandari lilisomeka nusu. Tulikisogeza dirishani tukakiinamisha kwenye mwanga, ndipo tukaiona tarehe, na chini yake: 20:07.

“Usiku ule nilimtumia binti yangu picha,” mama akasema. “Yeye ndiye anayeniandikia matumizi.” Binti alikuwa na picha hiyo kwenye simu yake, safi, kila tarakimu inaonekana, na ilikuwa imeingia dakika chache baada ya malipo. Simu ya mama haikuwa imechukuliwa kwa sababu ilikuwa kifuani kwake.

Tukaamua kuanza upya. Nahodha aliambiwa wazi kwamba akimtaja mama atakuwa amekiri kosa lake mwenyewe la kubeba abiria, na kwamba hakuna mtu atakayemlazimisha. Alikwenda nyumbani akafikiri siku mbili. Aliporudi alisema, “Andika. Alikuwemo.” Nilimheshimu mno siku ile, na ninamheshimu hadi leo.

Safari hii kila mmoja alikaa peke yake nami, mwingine akiwa nje. Saa ziliandikwa kwa namna mbili: saa mbili usiku, yaani 20:00. Kila hati ilikuwa na kifungu kinachosema kwamba hati ya kwanza ilikosea wapi na kwa nini.

Matokeo

Siku ya hamsini na nane maboti mawili yaliachiwa, kwa faini ya kutokuwa na karatasi kamili za mzigo. Kuhusu mahali yalipokamatiwa, uamuzi ulisema tu kwamba “ipo shaka”. Dagaa walikuwa wamekaa kwenye ghala linalovuja wakati wa masika. Wale wa boti la pili waliopona ni kama robo. Waliobaki waliuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mama mwenye mzigo alirudi na magunia kumi na tisa kati ya mia mbili na kumi.

Boti la tatu lilitaifishwa. Mwenyewe alipata barua ya mirathi miezi kumi na moja baadaye, akaenda kulitazama. Mashine zilikuwa zimeshauzwa kwa mnada.

Nahodha wa boti la kwanza alisimamishwa miezi mitatu hapa nyumbani kwa kubeba abiria.

Fidia hatukupata. Siku ya sitini na sita wakili wa Arusha alitueleza jambo ambalo tungepaswa kulijua siku ya kwanza. Mkataba wa Jumuiya, katika Ibara ya 30, unamruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kulifikisha jambo la serikali ya nchi mwanachama mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki, lakini ndani ya miezi miwili tangu jambo litendeke au lijulikane kwake. Na kitengo cha rufani cha mahakama hiyo kilishaamua mwaka 2012 kwamba muda huo hauna mlango wa nyuma. Tulikuwa tumeumaliza tukingoja barua.

Uchambuzi

*Mahali.* Kiini cha kisa chote kilikuwa swali moja: maboti yalikuwa wapi yalipokamatwa? Yakiwa gatini, yamelipiwa, yanangoja ofisi ifunguliwe, hakuna kosa. Yakiwa ziwani usiku wa manane, ni magendo. Sisi tuliandika kurasa nne kuhusu dhuluma, ugomvi wa nchi, hasara na watoto wa shule, na kuhusu mahali tukaandika sentensi moja.

Tena sentensi yenyewe ilikuwa mbovu. Hati ya kwanza ilisema “tulikamatwa bandarini”. Nilipowahoji mmoja mmoja, nikagundua kwamba kwa nahodha wa boti la pili “bandarini” ni ghuba nzima, hata kule maboti yanakotia nanga kungoja zamu. Kwa afisa wa forodha bandari ina mipaka iliyochorwa. Nahodha hakudanganya, na afisa naye asingeweza kulitegemea neno lake. Neno lililotufaa lilikuwa “gatini”, na pamoja nalo: kamba ngapi, zimefungwa kwenye chuma kipi, boti gani liko kushoto, taa ya geti inaonekana au haionekani. Nahodha wa boti la tatu alikumbuka kwamba ilibidi aruke juu ya boti la pili ili afike nchi kavu. Maelezo hayo madogo yalithibitisha gati kuliko kurasa zote nne.

Siamini kwamba aliyeandika karatasi ya kukamata alikusudia kudanganya. Huenda aliandika mahali alipokuwa amekaa, yaani ng'ambo ya rasi, kwa sababu maboti yalikuwa pale mbele ya macho yake. Lakini jambo hili lina historia, na karani wa mashahidi anapaswa kuijua. Tarehe 14 Januari 1942, vita vikuu vikiendelea, Waingereza waliingia usiku katika bandari ya Santa Isabel, kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo ni Bioko ya Guinea ya Ikweta. Kisiwa kilikuwa cha Hispania, nchi isiyokuwa vitani. Wakakata minyororo ya meli ya biashara ya Italia, Duchessa d'Aosta, wakaikokota hadi bahari kuu. Huko nje manowari yao ikaja “kuikamata”, na hadharani Uingereza ikashikilia kwamba meli ilikutwa baharini. Sababu ya kufanya hivyo iko wazi kwenye Mkataba wa 13 wa Hague wa mwaka 1907: nchi iliyo vitani ikikamata chombo ndani ya maji ya nchi isiyo vitani, imevunja haki ya nchi hiyo. Bahari kuu hakuna kosa hilo. Kwa hiyo chombo huhamishwa kwanza, karatasi huandikwa baadaye.

Sisi hatukuwa vitani, na mikataba ya vita haituhusu. Lakini mwendo ni uleule: chombo kinasogezwa, na karatasi inazaliwa mahali kilipofikishwa. Shahidi asipoulizwa kuhusu ile nusu saa ya kusogezwa, kana kwamba haikuwepo. Katika maelezo ya kwanza sikuuliza hata mara moja nani aliwasha mashine, nani alikuwa mbele, walikwenda muda gani.

*Saa.* Kila mtoto wa pwani ya ziwa hili anajua saa mbili usiku ni baada tu ya chakula. Ndiyo maana sikufikiri. Nilikuwa naandika kwa ajili ya watu wanaohesabu kama mimi, ilhali hati ilikuwa inakwenda kwa mtu atakayeisoma kwa lugha nyingine. Kosa hili lingeweza kutumaliza kabisa bila risiti, na ni kosa la karani peke yake. Nahodha alisema kweli kwa lugha yake.

*Viapo vya nakala.* Sheria ya Ushahidi hapa kwetu inataka shahidi aseme alichokiona au kukisikia yeye mwenyewe. Ya kuambiwa hayakubaliwi ila kwa nadra. Nilipochapa hadithi ya nahodha mmoja nikawapa watatu, wawili kati yao niliwaapisha kwa macho ya mtu mwingine. Nahodha wa boti la tatu, kwa mfano, alikuwa amelala boti la doria lilipofika. Hati yake ya kwanza ilisema aliliona likiingia. Ile “gatu” ilikuwa alama tu; hata ningesahihisha tahajia, uozo ungebaki.

Maelezo ya pili hayakufanana. Mmoja alisema watu wa doria walikuwa wanne, mwingine watano. Mmoja alikumbuka tochi mbili, mwingine moja. Kijana mmoja alisema hakuona chochote, alikuwa chini ya turubai. Viongozi wa umoja waliogopa, wakataka nizisawazishe. Nilikataa, na ni uamuzi ambao nitausimamia popote. Afisa alipozisoma, hakuuliza hata swali moja kuhusu tochi. Alikwenda moja kwa moja kwenye mambo ambayo wote, kila mmoja kwa njia yake, waliyataja: kamba, geti lililofungwa, na mama aliyekwenda kulipa.

*Abiria aliyefichwa.* Hapa siwezi kuandika kwa wepesi. Nahodha alificha kosa dogo ili kulinda riziki yake, na kwa kulificha alifuta shahidi pekee mwenye karatasi. Mama alikuwa ametembea kutoka botini hadi getini na kurudi. Alisema na karani wa geti. Alilipa. Alikuwa macho wakati wote kwa kuwa hakuzoea kulala botini. Katika watu kumi na sita yeye ndiye aliyeona mengi zaidi, na hati zetu zilikuwa zinaapa kwamba hakuwepo duniani. Mimi nilipoona vijana wakitazamana nilipaswa kusimamisha kuchapa. Tangu hapo nikianza mahojiano husema kwanza: niambie hata linalokuumiza wewe, tutashauriana namna ya kulibeba, lakini lisije likasemwa na mwingine mbele yetu.

*Yaliyofanya kazi.* Dai la siku ya ishirini na saba ndilo lililookoa maboti mawili; lisingefika, hata risiti isingekuwa na mahali pa kuwasilishwa. Tabia ya mama ya kumtumia binti picha ya kila risiti ilifanya kazi kuliko wakili yeyote. Na kukiri wazi kwamba hati za kwanza zilikosea kulisaidia, ingawa tulitegemea kuaibishwa. Afisa aliandika kwenye uamuzi wake kwamba maelezo ya pili “yanaeleza makosa ya kwanza”, na hakutuita waongo.

*Yaliyoshindikana kabisa.* Ahadi ya msimamizi wa bandari. Watu sita waliisikia, nikawahoji wote sita, na kila mmoja alikuwa na maneno tofauti: “wazi kwa wote”, “hatuhusiki”, “leteni tu mzigo”. Picha ya pamoja inaonyesha nyuso zinazocheka. Barua fupi ya kesho yake, ya kumshukuru na kurudia alichosema, ingegharimu nauli ya mtu mmoja.

Nikirudi kwenye historia, mwaka 1809 meli za biashara za Marekani, nchi iliyokuwa nje ya vita vya Ulaya wakati huo, zilikamatwa Napoli chini ya mfalme Joachim Murat. Fidia, dukati (sarafu ya huko) 2,115,000, ilikubaliwa kwenye mkataba wa tarehe 14 Oktoba 1832. Ni miaka ishirini na tatu. Murat alikuwa ameshapigwa risasi, ufalme umebadilika mikono. Huwa nawafikiria wale manahodha na waliowaandikia maelezo. Nahodha aliyekuwa na miaka hamsini mwaka 1809, nani alimsemea mwaka 1832 kama si karatasi yake? Ndiyo desturi ya mabaharia ya tangu zamani: chombo kikipatwa na jambo, nahodha akifika bandari ya kwanza anakwenda kuapa mbele ya mtu wa sheria mapema iwezekanavyo. Watu wetu walipita miji miwili yenye mawakili wa viapo kabla ya kufika Mwanza.

*Kusomewa.* Maelezo ya pili nilimsomea kila shahidi kabla ya kusaini, neno kwa neno. Mama ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alisikiliza amefumba macho. Nilipofika mahali niliposoma, “niliona askari wanne wakishuka,” alinyoosha mkono.

“Hapo futa, mwanangu.”

“Hawakuwa wanne, mama?”

“Walikuwa wanne. Niliona watu wanne wenye makoti ya mvua. Kwamba ni askari niliambiwa asubuhi.”

Nikafuta, nikaandika watu wanne wenye makoti ya mvua. Akasaini.